Wilt Chamberlain: Jitu la kikapu lililodaiwa kukacha mechi ngumu

DAKIKA tano na ushee zilikuwa zimebaki kwenye saa ya ukumbi wa Forum, Inglewood, nje kidogo ya jiji la Los Angeles. Ilikuwa Mei 5, 1969, mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali za ligi ya kikapu ya Marekani, NBA. Los Angeles Lakers walikuwa nyumbani, Boston Celtics wageni. Juu darini, mmiliki wa Lakers, Jack Kent Cooke, alikuwa ameshaning'iniza maelfu ya maputo ndani ya nyavu, tayari kumwagwa vijana wake watakapobeba kombe.

Maputo hayakumwagwa. Mtu mrefu kuliko wote uwanjani aliruka kuokota mpira uliogonga ubao, akatua vibaya, goti likagoma. Akajikaza kidogo, akachechemea, mwisho akaomba kutoka. Zile hatua chache za kutoka uwanjani hadi benchi zilimgharimu Wilt Chamberlain kuliko mechi yoyote aliyowahi kupoteza. Zilimpa jina la mkimbiaji wa mechi ngumu, na zikamnyang'anya rafiki kwa zaidi ya miaka 20.

Siku hizi ishu ya mastaa kukacha mechi ni wimbo wa kila msimu. Mashabiki wananunua tiketi, wanavaa jezi, halafu saa chache kabla ya mpira kurushwa inatangazwa kwamba staa anapumzishwa. NBA yenyewe ililazimika kuweka sheria, kuanzia msimu wa 2023-24, kwamba mchezaji anayewania tuzo kubwa kama ya mchezaji bora lazima acheze michezo isiyopungua 65, ukiacha hali chache za pekee. Lakini tuhuma zenyewe si za leo. Anayetaka kujua zinavyoweza kumtafuna mtu, na jinsi ya kuzipima kama ni za kweli au ni porojo, aanze na jitu hili la Philadelphia.

KIJANA ALIYEINAMA MILANGONI

Wilton Norman Chamberlain alizaliwa Agosti 21, 1936, Philadelphia, katika familia ya watoto tisa. Utotoni aliugua nimonia ikakaribia kumuua. Alipopona, penzi lake la kwanza halikuwa kikapu bali riadha: alikimbia, akaruka juu, akatupa tufe. Kikapu aliuona mchezo wa watu legelege. Lakini Philadelphia mitaa yote ilikuwa inadunda mpira, na kijana aliyekuwa anarefuka kama mnazi asingeachwa hivi hivi.

Alipofika shule ya sekondari ya Overbrook tayari alikuwa gumzo la mji. Baadaye alifika futi saba na inchi moja, yaani mita 2.16. Waandishi wakambatiza Wilt the Stilt, wakimfananisha na mtu anayetembea juu ya miti mirefu. Jina hilo alilichukia mpaka kufa. Alilolipenda ni Dipper, walilompa rafiki zake kwa sababu kila mlango aliopita ilibidi ainame.

Mwaka 1955 akaenda Chuo Kikuu cha Kansas. Sheria za wakati ule hazikuruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa, hivyo mashabiki walisubiri hadi Desemba 1956. Kusubiri kulilipa: mechi ya kwanza dhidi ya Northwestern aliondoka na pointi 52 na ribaundi 31.

Machi 1957 Kansas wakafika fainali ya vyuo dhidi ya North Carolina. Wapinzani walimzunguka watu watatu kila alipogusa mpira. Mechi iliongezwa muda mara tatu, na mwisho wake Kansas wakalala 54-53. Chamberlain alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, ila tuzo hiyo haikumponya. Pointi moja ile ilimwachia doa: jamaa wa takwimu, mtu mkubwa anayeshindwa siku kubwa. Alikuwa na miaka 20 tu, na doa hilo lilimfuata hadi uzeeni.

NAMBA ZISIZOINGIA AKILINI

Aliondoka chuoni 1958 kabla ya kumaliza. NBA haikumruhusu kuingia kabla wenzake wa darasa moja hawajahitimu, basi akakipiga mwaka mmoja na Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho iliyozunguka dunia ikichekesha watu, hadi Moscow wakafika.

Alipotua Philadelphia Warriors mwaka 1959, ligi ilipata mtikisiko. Msimu wake wa kwanza alipiga wastani wa pointi 37.6 na ribaundi 27 kwa mchezo, akabeba tuzo ya mchezaji mpya bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa mpigo. Msimu huohuo mabeki walimpiga viwiko, wakamvuta, wakamkanyaga, mpaka ulipokwisha akatangaza anaacha ligi kwa sababu ya rafu. Akabadili mawazo, akarudi. Waliokuwa wanamsubiri akosee wakalihifadhi tukio hilo kama ushahidi wa kwanza.

Msimu wa 1961-62 ndio ambao hadi leo watoto wakisimuliwa hudhani ni uongo. Machi 2, 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, mbele ya watazamaji 4,124, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Mechi iliisha 169-147. Wastani wa msimu mzima ulikuwa pointi 50.4.

Lakini kwenye mjadala wa kukacha, namba ya msimu ule inayohitaji kuangaliwa si 100 wala 50. Ni 48.5. Mchezo wa NBA una dakika 48. Chamberlain alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mchezo, kwa sababu hakutoka kabisa, na muda wa nyongeza ulipokuja alikuwamo pia. Kwenye michezo 80 alikosa dakika nane tu, na hizo hakuziomba: mwamuzi alimtoa nje kwa mabishano. Hakupumzika hata usiku mmoja, wala hata robo moja ya mchezo kwa hiari yake.

MTU MMOJA, MTIHANI MMOJA

Katika miaka ile, mechi ngumu ilikuwa na sura moja: Bill Russell wa Boston Celtics. Mfupi kidogo kuliko Chamberlain, si mfungaji wa kutisha, ila fundi wa kuzuia ambaye ligi haikuwahi kuona mfano wake. Walikutana mara ya kwanza Novemba 7, 1959, Boston, na kuanzia siku hiyo kila mmoja akawa rula ya kumpimia mwenzake.

Nje ya uwanja walikuwa marafiki hasa. Celtics walipokuwa Philadelphia wakati wa sikukuu ya Shukrani, Russell alikwenda nyumbani kwa kina Chamberlain, akala chakula cha mama yake Wilt, akajinyoosha kwenye kitanda cha mwenyeji wake kabla ya mechi. Jioni wanaingia uwanjani kukabana koo. Hata kwenye fedha walifukuzana: Chamberlain aliposaini mkataba wa dola 100,000 kwa mwaka mwaka 1965, Russell naye alisaini wa dola 100,001.

Kwenye makombe, Russell alikuwa mbali. Timu zao zilikutana mara nane katika hatua ya mtoano, na mara saba Celtics wakapita. Mechi za saba, zile za kufa au kupona, walikutana nne: mwaka 1962, 1965, 1968 na 1969. Chamberlain akapoteza zote. Ukijumlisha tofauti ya mabao katika mechi zote nne unapata pointi tisa tu. Mbili, moja, nne, mbili. Ndiyo yote yaliyotenganisha aliyeitwa mshindi wa kuzaliwa na aliyeitwa mshindwa wa kuzaliwa.

Mwaka 1967 tu ndipo alipopumua. Akiwa na Philadelphia 76ers, kikosi kilichoshinda michezo 68 na kupoteza 13, aliwang'oa Celtics kwa michezo 4-1 na kuukata mfululizo wao wa ubingwa mara nane. Kisha akachukua kombe. Watu wakadhani kelele zimekwisha.

Hazikwisha. Mwaka uliofuata 76ers waliongoza Celtics 3-1, wakafungwa mitatu mfululizo. Kwenye mchezo wa saba Chamberlain aliokota ribaundi 34, ila kipindi cha pili hakurusha mpira golini ukiacha mara mbili alizoparaza mipira iliyorudi. Alijitetea kwamba wenzake hawakumpa mpira. Wakosoaji wakauliza: mtu aliyefunga pointi 100 anangojaje kupewa? Huu ndio ushahidi wa pili, na kwa haki yote ulikuwa na uzito.

USIKU WA MAPUTO

Julai 1968 akahamia Lakers, kuungana na Jerry West na Elgin Baylor. Mastaa watatu wakubwa timu moja. Makaratasi yakawapa kombe kabla ligi haijaanza. Tatizo lilikuwa kocha, Butch van Breda Kolff. Hakuelewana na Chamberlain tangu mwanzo. Mmoja alitaka kila mtu afuate mfumo, mwingine alijiona ndiye mfumo. Timu ikashinda michezo mingi huku wawili hao wakinuniana.

Fainali wakakutana na Celtics waliochoka, waliomaliza nafasi ya nne upande wa mashariki, na Russell aliyekuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Lakers wakashinda miwili ya kwanza. Mchezo wa nne Sam Jones akawaliza kwa mpira wa sekunde ya mwisho, 89-88. Mfululizo ukafika 3-3, ndipo Cooke akapandisha maputo yake. Habari za maputo zikawafikia Celtics. Hakuna maneno ya kocha ambayo yangewachoma zaidi ya hayo.

Robo ya tatu ilipoisha wageni walikuwa mbele kwa pointi 15, na Chamberlain alikuwa na faulo tano. Moja zaidi angetolewa. Hapo kuna jambo ambalo wapinzani wake hawakuacha kulisema. Chamberlain hakuwahi kutolewa kwa faulo maisha yake yote ya NBA, na alijivunia hilo. Wakosoaji walisema rekodi hiyo ilimfanya, kila alipofika faulo ya nne au ya tano, kunyoosha mikono bila kuzuia kweli. Kwa hiyo alipoanza kuchechemea akiwa na faulo tano, wenye nongwa walikuwa na jibu tayari.

Aliingia Mel Counts. Lakers wakachomoka. West, ambaye naye alikuwa anacheza na paja lililoumia, aliwabeba mgongoni mpaka tofauti ikabaki pointi moja: 103-102. Chamberlain, goti likiwa limetulia, akamwambia kocha yuko tayari kurudi. Kocha akakataa, timu ilikuwa inakwenda vizuri bila yeye. Akaomba tena. Akakataliwa tena.

Mchezaji aliyekuwa na wastani wa ribaundi zaidi ya 20 kwa mchezo akawa anatazama kutoka benchi huku mpira wa Don Nelson ukigonga chuma, ukiruka juu, halafu ukidondoka ndani kama vile umesukumwa na mkono usioonekana. Celtics 108, Lakers 106. West alimaliza na pointi 42, ribaundi 13 na asisti 12, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali akiwa upande wa walioshindwa. Chamberlain alikuwa na pointi 18 na ribaundi 27. Van Breda Kolff aliachia ngazi baada ya hapo, akaenda Detroit.

MANENO YA RAFIKI

Kama ingeishia hapo, ingekuwa ni kesi ya kocha na mchezaji. Kilichoigeuza kuwa jeraha la maisha ni kilichofuata. Russell alistaafu akiwa na ubingwa wake wa 11 katika misimu 13. Majuma machache baadaye alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alipoulizwa kuhusu Chamberlain, hakumung'unya. Alisema kwa maana kwamba mwenzake aliikimbia mechi, na kwamba kwenye mchezo wa saba wa fainali hakuna maumivu ya kumtoa mtu uwanjani isipokuwa awe amevunjika mguu au mgongo.

Ukumbini kulikuwa na mwandishi wa habari. Kesho yake nchi nzima ilikuwa imesoma.

Kwa Chamberlain, hilo halikuwa kama kusemwa na shabiki wa jukwaani au mwandishi wa safu. Lilitoka kwa mtu aliyekula mezani kwa mama yake, mtu pekee duniani aliyejua kwa mwili wake mwenyewe ugumu wa kazi ile. Aliona amesalitiwa. Akamjibu Russell hadharani, na mlango ukafungwa. Hawakusemezana kwa zaidi ya miaka 20.

TUHESABU

Maneno ya Russell yalikuwa mazito kwa sababu yalimgusa mtu ambaye tayari ana doa. Ila tuhuma ya kukacha ina bahati moja: inahesabika.

Chamberlain alicheza misimu 14. Katika misimu hiyo timu zake zilikuwa na michezo 1,127 ya ligi, ukiacha mtoano. Alicheza 1,045. Alikosa 82. Kati ya hiyo 82, 70 ni ya msimu mmoja tu, 1969-70, na sababu yake itakuja. Ukiuondoa msimu huo, alikosa michezo 12 katika misimu 13, na saba kati ya hiyo 12 ni ya 1964-65, msimu ambao aliuanza akiwa mgonjwa wa kongosho. Misimu tisa hakukosa hata mchezo mmoja.

Je, aliikwepa michezo ya Russell? Walikutana zaidi ya mara 140 katika miaka kumi, ligi na mtoano. Wastani wa Chamberlain katika mikutano hiyo ni karibu pointi 29 na ribaundi karibu 29. Novemba 24, 1960, alipookota ribaundi 55, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, mbele yake alisimama Russell. Mtu anayekimbia mpinzani haachi alama kama hizo mlangoni kwa mpinzani huyohuyo.

Hesabu hizo hazifuti kila kitu. Kucheza dakika zote ni jambo moja, na kuutaka mpira dakika ya mwisho ni jambo lingine. Mitupo huru ilimshinda maisha yake yote, aliingiza nusu tu na kidogo juu yake, na huenda mtu anayejua atafanyiwa faulo makusudi akapelekwa kwenye mstari asiuhamu mpira sana mwishoni. Hapo wakosoaji wake wana hoja. Ila hoja hiyo ni ya woga wa mstari wa mitupo. Si hoja ya mtu aliyeacha kufika kazini.

GOTI LILIPOJIBU

Novemba 1969, miezi sita tu baada ya usiku wa maputo, Lakers walikuwa wanacheza na Phoenix Suns. Ulikuwa mchezo wa tisa wa msimu. Safari hii hapakuwa na wa kubisha: mshipa wa chini ya kifuniko cha goti ulikatika, akaanguka, akabebwa kwenda kufanyiwa upasuaji. Madaktari walimwambia msimu umekwisha. Alikuwa na miaka 33, umri ambao wengi wa wakati ule wangetundika viatu.

Alirudi kwenye michezo mitatu ya mwisho ya ligi. Akacheza mtoano wote, akaifikisha Lakers mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Knicks. Mchezo wa sita, nahodha wa Knicks, Willis Reed, akiwa nje kwa majeraha ya paja, Chamberlain alipiga pointi 45 na ribaundi 27, miezi sita baada ya kisu cha daktari.

Halafu ikaja Mei 8, 1970. Reed akatoka vyumbani akichechemea, ukumbi wa Madison Square Garden ukalipuka, akafunga vikapu viwili vya kwanza, na Walt Frazier akamalizia kazi kwa pointi 36. Knicks 113, Lakers 99. Reed akaingia kwenye vitabu kama shujaa aliyecheza na maumivu, na alistahili. Lakini upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa na goti lililoshonwa, aliyecheza mchezo uleule. Huyo hakuna aliyemwimba. Sifa za ushujaa huenda kwa aliyeshinda.

Mwaka uliofuata ukaibuka mpango wa kumpambanisha ulingoni na Muhammad Ali. Ukavunjika kabla ya kufika popote. Hata hapo wapo waliosema kakimbia, kana kwamba mcheza kikapu anadaiwa ngumi na bondia bora duniani. Jina baya likishakubandikwa, kila unachokiacha huitwa kukimbia.

MIAKA MITATU KAMILI

Msimu wa 1971-72 Lakers walishinda michezo 33 mfululizo, rekodi iliyosimama hadi sasa. Chini ya kocha Bill Sharman, Chamberlain aliacha kufukuzia pointi, akawa mlinzi wa goli na mwanzishaji wa mashambulizi, kazi ileile aliyoifanya Russell Boston. Fainali wakakutana tena na Knicks.

Mei 5, 1972, mchezo wa nne, New York. Ilikuwa miaka mitatu kamili tangu usiku wa maputo. Chamberlain alianguka akaumia mkono. Alikuwa na kila sababu ya kutoka. Hakutoka. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, akiwa na faulo tano mkononi, na alizuia bila kujibana hadi Lakers wakashinda 116-111.

Mkono ukavimba. Siku mbili baadaye, Forum ileile, watu walisubiri kusikia kama angecheza. Aliingia amefungwa bandeji nzito, akapiga pointi 24, akaokota ribaundi 29, Lakers wakashinda 114-100 na kubeba ubingwa wao wa kwanza tangu wahamie Los Angeles. Mchezaji bora wa fainali: Wilt Chamberlain. Alikuwa na miaka 35.

Alicheza msimu mmoja zaidi, akastaafu akiwa na pointi 31,419 na ribaundi 23,924. Alijaribu ukocha kidogo San Diego, na huko kweli alikacha: kuna mechi ambazo hakuonekana kabisa kwenye benchi, msaidizi wake akifanya kazi. Kazi ya kukaa na kutazama hakuiweza.

MLANGO ULIOFUNGULIWA

Kama kuna kitu Chamberlain alikikwepa kweli na kwa muda mrefu, ni ukumbi wa Kansas. Chuo kilikuwa tayari kuitundika jezi yake, yeye akawa hatokei. Aliamini bado wanamlaumu kwa ile pointi moja ya 1957. Alirudi Januari 1998, zaidi ya miaka 40 baadaye, akiwa amevaa koti lake la zamani la chuo. Ukumbi mzima ulisimama. Waliokuwa wanampigia makofi wengi hawakuwa wamezaliwa siku ile ya North Carolina. Jitu likalengwalengwa na machozi.

Na Russell? Miaka ya 1990 ndiye aliyechukua hatua ya kwanza. Alimtafuta mwenzake, akamwomba radhi, baadaye akakiri hadharani kwamba alikosea. Wazee wawili wakawa wanapigiana simu na kutaniana, wakaonekana pamoja tena. Ilibaki miaka michache tu.

Oktoba 12, 1999, Chamberlain alifariki dunia nyumbani kwake Bel Air, Los Angeles, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka 63. Kwenye ibada ya kumkumbuka, mmoja wa waliosimama kumzungumzia alikuwa Bill Russell, aliyeishi hadi Julai 2022.

Goti lile la Mei 5, 1969 liliuma kiasi gani, alilijua mwenye goti. Yanayobaki ni michezo 1,045, dakika nane za msimu mzima, mkono uliovimba, na rafiki aliyechukua miaka 20 kutamka neno samahani. Staa wa leo anapoandikwa kwenye orodha ya majeruhi na mtandao ukaanza kumwita mwoga, si vibaya kwanza kuhesabu, na kukumbuka kwamba hata Bill Russell, aliyekuwa palepale uwanjani, aliona vibaya.